Kamera iko Sikonge, wewe uko Dar: kwa nini picha inakwama?

Tuseme umefunga kamera ya ulinzi nyumbani kwa mama, wilayani Sikonge, kusini mwa Tabora mjini. Siku ya kufunga kila kitu kilikuwa safi, picha inang'aa mpaka kuku unawahesabu. Umerudi Dar es Salaam. Saa 4 usiku unafungua app uone kama geti limefungwa, unachokiona ni kaduara kanazunguka tu. Picha ikija ni ya dakika mbili zilizopita, halafu inaganda tena. Wiki haijaisha, mama anapiga simu: bando la ile kamera yako limekwisha.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wananunua kamera ya bei kubwa zaidi, au wananunua bando kubwa zaidi. Mara nyingi hakuna linalosaidia, na lile la kwanza huzidisha tatizo. Sababu ni kwamba intaneti ya kijijini ina uwezo wa kukuletea habari za nyumbani kwa sekunde chache, ila haina uwezo wa kukuletea video yote. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukivitenganisha, kamera ya kawaida kwenye mtandao dhaifu inafanya kazi vizuri tu.

Twende taratibu, hesabu zipo lakini ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Pagazi na mzigo wake

Tabora ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mji huu ulikuzwa na usafirishaji. Karne ya 19 ilikuwa njia panda ya misafara: waliotoka Bagamoyo walifika hapa Unyanyembe, kisha wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine wakapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na mizigo ilikwenda kichwani na begani. Pagazi mmoja, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alibeba takriban kilo 30. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Novemba.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mfanyabiashara wa wakati ule. Unataka pembe nyingi zaidi zifike pwani. Unaajiri mapagazi 100, zinakwenda tani 3. Unaajiri 200, zinakwenda tani 6. Lakini je, zimefika mapema zaidi? Hapana. Safari ni ile ile, miezi ni ile ile.

Kumbe kuna maswali mawili ambayo sisi huyachanganya tunaposema "mtandao uko slow". La kwanza: ni mzigo kiasi gani unapita kwa wakati mmoja? Huo tuuite upana wa njia. La pili: mzigo mmoja unachukua muda gani kufika? Huo ni ucheleweshaji.

Shida ya David Livingstone ilikuwa ya aina ya pili. Machi 1872 Henry Stanley alimwacha Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akaahidi kumtumia watu na mahitaji kutoka pwani. Walifika Agosti. Mzigo wenyewe haukuwa mkubwa kiasi hicho, ila njia ilikuwa ndefu, na hakuna pagazi wa kuifupisha.

Shida yako wewe ni kinyume chake. Kwa reli, Dar hadi Tabora ni kama kilomita 840. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali huo unaisha kwa milisekunde 4 hivi, yaani sehemu elfu nne... hapana, sehemu nne tu kati ya elfu moja za sekunde. Umbali haukusumbui. Kinachokusumbua ni uchache wa mapagazi kwenye kipande kimoja cha njia.

Barabara kuu ipo, tatizo ni njia ya mguu

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo hii Tabora mjini inafikiwa pia na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL. Huo ni uzi wa kioo wenye upana wa kutosha video za watu wengi sana kwa pamoja. Kwa hiyo kati ya Tabora mjini na Dar, kamera yako haina shida.

Shida iko kati ya mkongo na nyumba ya mama. Minara mingi ya vijijini hupokea intaneti kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, na njia hiyo wanagawana watu wote wa eneo hilo. Ikifika saa 2 usiku, kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi, fungu la kila mmoja linakuwa dogo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: uelekeo. Tunapotazama video tunapakua. Kamera inafanya kinyume, inapakia. Kupakia karibu siku zote ni kwa polepole zaidi. Mnara hurusha mawimbi yake kwa makumi ya wati. Simu au ruta yenye laini ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti anaongea na mtu anayenong'ona: wewe unamsikia vizuri, yeye anakusikia kwa tabu. Juu ya hapo, mitandao mingi hutenga nafasi kubwa zaidi kwa kupakua, maana ndicho watu wengi wanachofanya.

Ndiyo maana mtu akikuambia "mtandao huku uko poa, natazama video bila kukwama", bado hajakujibu. Amepima upande usio wako.

Kipimo sahihi ni hiki. Weka laini ile ile ya kamera kwenye simu, simama pale ruta au kamera ilipo, pima kasi kwa app yoyote ya kupimia, kisha soma namba ya kupakia peke yake. Rudia asubuhi, mchana na saa 2 usiku. Chukua namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo idadi ya mapagazi wako.

Na kabla hujakata tamaa, angalia paa. Bati hurudisha mawimbi ya redio. Ruta iliyowekwa katikati ya nyumba chini ya bati inaweza kupata mtandao dhaifu wakati dirishani, upande wa mnara, mambo ni mazuri. Kuisogeza mita chache hakugharimu shilingi.

Sekunde moja ya video ina uzito gani?

Chukua kikokotoo. Kamera inayoitwa 1080p hutoa picha yenye nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta inahitaji biti 24 kueleza rangi yake. Zidisha, halafu zidisha tena kwa picha 25 za kila sekunde. Unapata biti zaidi ya bilioni 1.2 kwa sekunde moja. Hakuna mnara wa kijijini utakaokubebea huo mzigo.

Bahati nzuri kamera hubana video kabla ya kuituma. Ukiangalia kwenye mipangilio utaona H.264, njia ya kubana iliyotoka mwaka 2003, au H.265 ya mwaka 2013, ambayo kwa picha ya ubora ule ule hutumia karibu nusu ya biti. Baada ya kubanwa, video ya 1080p inashuka hadi megabiti 2 hivi kwa sekunde. Kutoka zaidi ya 1,200 hadi 2, si mchezo.

Lakini 2 bado ni nyingi. Tuseme umepima, kupakia ni kilobiti 300 kwa sekunde. Video inazalishwa kwa kilobiti 2,000. Kila sekunde moja ya video itahitaji karibu sekunde 7 kupita. Ya pili inasubiri nyuma yake, ya tatu nyuma ya ya pili, foleni inarefuka. Kaduara kanakozunguka ndiyo hiyo foleni. Na hapo utaelewa kwa nini bando kubwa halisaidii: umenunua nafaka zaidi ghalani, mapagazi ni wale wale.

Sasa upande wa pesa. Megabiti 2 kwa sekunde kwa saa nzima ni megabiti 7,200. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8: MB 900. Kamera ikituma usiku na mchana, ni GB 21.6 kwa siku, GB 648 kwa siku 30. Na kila unapotazama, bando linakatwa pande zote mbili, la mama kwa kupakia na lako kwa kupakua.

Mwembe unaokula bando

Kubana video kunafanyikaje? Siri iko kwenye uvivu wa mandhari. Ua wa nyumba saa 8 usiku uko vile vile sekunde hii na sekunde ijayo. Kwa hiyo kamera hutuma picha moja kamili, kisha kwa sekunde kadhaa hutuma tofauti tu: "sehemu hii haijabadilika, ile haijabadilika, hapa kona ya kulia kuna kitu kimesogea". Baadaye inatuma picha kamili nyingine, mchezo unaanza upya.

Matokeo yake ni kwamba uzito wa video unategemea kinachotikisika mbele ya kamera. Njia ya zamani ya misafara inajulikana kwa miembe yake, na nyumba nyingi za Tabora zina mwembe uani. Mwembe ukipigwa na upepo, maelfu ya majani yanasogea kila moja kivyake. Kwa kamera hayo yote ni mabadiliko ya kutumwa. Kama umeiruhusu kutumia biti inavyotaka, bando linakatika. Kama umeiwekea kikomo, picha inakuwa na ukungu, kwa sababu biti chache zimetumika kueleza majani badala ya uso wa mtu getini.

Mwembe pia huleta arifa za uongo. App inalia "kuna mjongeo!" mara 40 kwa usiku mmoja, mwisho unazima arifa, na siku mwizi akija kweli huna habari. Wadudu nao hufuata taa ya kamera, buibui hutandaza utando mbele ya kioo, mvua za masika zinamulikwa usiku. Dawa zake ni za kawaida: geuza kamera ielekee geti na mlango, siyo mti. Chora eneo la kuangaliwa kwenye app, kamera nyingi zinaruhusu, ukiacha majani nje. Washa kipengele cha kutambua umbo la mtu kama kipo. Na umwombe mtu afute kioo kila baada ya wiki mbili tatu, hasa kiangazi chenye vumbi.

Sanduku moja la posta kwa mtaa mzima

Kuna swali jingine watu huuliza: kwa nini nisiiunganishe simu yangu na kamera moja kwa moja, bila kupitia seva ya mtu?

Jibu liko kwenye anuani. Sisi tumezoea S.L.P. Shule nzima inatumia sanduku moja. Barua ikifika imeandikwa namba ya sanduku tu bila jina, nani ataijua ni ya nani? Laini za simu ziko hivyo mara nyingi. Wateja wengi wanatumia anuani moja ya IP kwa pamoja, kwa hiyo ukiwa nje huwezi "kubisha hodi" kwenye kamera ya mama. Hakuna mlango wenye jina lake.

Kamera inazunguka tatizo hili kwa kuanza yenyewe. Ikiwashwa tu, inaipigia seva ya watengenezaji na kuacha mawasiliano wazi. Wewe ukifungua app unaongea na seva ile ile, nayo inawakutanisha. Ikishindikana kuwakutanisha moja kwa moja, video yote inapita kwa seva, ambayo inaweza kuwa bara jingine. Ndiyo maana wakati mwingine unaona kuchelewa sekunde mbili tatu hata mtandao ukiwa mzuri.

Yowe kwanza, ushahidi baadaye

Sasa tufike kwenye kiini. Unataka kamera ikufanyie nini hasa?

Fikiria jinsi kijiji kinavyojilinda bila kamera. Mtu akiona mwizi anapiga yowe. Yowe halielezi rangi ya shati wala idadi ya wezi. Lina habari moja tu: njooni. Lakini linafika papo hapo, na watu wanatoka. Maelezo yanakuja baadaye, watu wamekaa, kila mmoja anasema alichoona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipojipanga Unyamwezini na Usukumani dhidi ya wizi wa ng'ombe na ujambazi, mwito wa haraka ulikuwa silaha yao kubwa.

Kamera yako ipangwe hivyo hivyo. Yowe lipite kwenye mtandao, ushahidi ubaki nyumbani.

Yowe ni arifa pamoja na picha moja ndogo. Picha ya nukta 640 kwa 360 ikibanwa inaweza kuwa KB 40 hivi, sawa na kilobiti 320. Kwa njia yetu ya kilobiti 300, inapita kwa sekunde moja na kidogo. Linganisha na kipande cha video cha sekunde 10 kwa ubora wa juu: MB 2.5, zaidi ya dakika nzima kupita. Dakika moja ni ndefu kama kuna mtu anakata kufuli.

Ushahidi ni video ya ubora wa juu, na mahali pake ni memori kadi ndani ya kamera, au mashine ya kurekodia iliyofichwa ndani. Kurekodi kwenye kadi hakugusi intaneti hata kidogo. Kadi ya GB 64 inabeba karibu siku 3 za video ya megabiti 2, ya GB 128 karibu siku 6, kisha inaanza kufuta za zamani. Ukirekodi pale tu panapokuwa na mjongeo, siku zinaongezeka sana. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kuandikwa mfululizo. Za kawaida huchoka mapema.

Kwa kutazama moja kwa moja, kamera nyingi zina mikondo miwili. Mkondo mkuu, mara nyingi umeandikwa HD, ni wa kadi. Mkondo mdogo, SD, ni wako wewe wa mbali. Kama mipangilio inaruhusu, weka huu wa pili hivi: nukta 640 kwa 360, picha 8 hadi 10 kwa sekunde, na kikomo cha biti kisichozidi nusu ya ile namba ndogo uliyopima. Kwa kilobiti 300, weka 150 au 160. Nusu nyingine iachie mtandao upumue.

Tupige hesabu ya mwezi. Kilobiti 160 kwa sekunde ni MB 1.2 kwa dakika. Ukitazama dakika 3 asubuhi na 3 usiku, ni MB 7.2 kwa siku, MB 216 kwa siku 30. Ongeza picha 30 za arifa kila siku, MB 36. Jumla MB 252. Kamera pia hutumia kidogo kuendelea kuwasiliana na seva, kwa hiyo fuatilia salio wiki ya kwanza. Hata hivyo, umetoka GB 648 hadi robo ya GB moja, na hujapoteza ushahidi wowote.

Bado mambo mawili. Umeme ukikatika, kamera na ruta vyote vinazimika, na giza ndilo wakati mwizi anaoupenda. Betri ndogo ya kushikilia ruta na kamera, au sola, ni muhimu kuliko kuongeza kamera ya pili. La pili, yowe bila mtu wa kuitikia ni kelele tu. Ukiwa Dar huwezi kukimbilia Sikonge. Kubaliana mapema na jirani wawili na balozi wa nyumba kumi: nikipiga simu usiku, maana yake ni hii. Namba zao ziwe kwenye simu kabla ya kununua kamera.

Na mama amekubali?

Mtandao dhaifu una faida moja: unakulazimisha uchague kipi cha kuangalia. Uchaguzi huo si wa kifundi peke yake. Anayeonekana kwenye video siyo mwizi, kwa siku 364 ni mama, akifua, akisali, akizungumza na wageni wake. Kumlinda mzazi na kumchunguza mzazi ni vitu viwili tofauti, na yeye anajua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi.

Mwambie kamera inaona wapi na nani mwingine ana app hiyo. Mwonyeshe picha yenyewe kwenye simu. Ielekee nje: geti, banda la mifugo, bani la tumbaku, siyo sebuleni. Sauti kama haina kazi, izime. Inaokoa bando kidogo na heshima kubwa. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Majirani pia ni watu, usiwamulike uani kwao.

Badilisha nywila siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, zikiwemo kamera na ruta, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Kamera isiyobadilishwa nywila inaweza kumwonyesha mama yako kwa mtu usiyemjua kabisa, na kumaliza bando kwa kazi isiyo yako.

Ukienda nyumbani safari ijayo, anza na ile namba ya kupakia, saa 2 usiku, ukiwa umesimama pale kamera ilipo. Ukiipata, mipangilio mingine yote utaikokotoa mwenyewe kwa hesabu zilizo hapo juu. Ukikwama, tuandikie namba uliyopata na aina ya mipangilio unayoiona kwenye app yako, tutaipigia hesabu pamoja.